Mshale wa Pijo

Langas, Eldoret
Agosti 1987

Mpendwa Baba Muthoni,

Hatujambo. Mahindi yamebeba vizuri, na Muthoni ameng'oka jino la mbele. Barua hii Maximilla atakuletea mwenyewe mkononi, kwa hivyo nasema wazi.

Gari yako, hiyo Pijo, imenihangaisha. Nikimpeleka mama yako Timboroa, mshale wa joto ulikuwa ukiruka hadi kwenye nyekundu kila tulipogonga shimo, kisha unashuka. Niliposimama kuangalia, Land Rover iliyokuwa nyuma yetu ikasimama pia. Hakuna aliyeshuka.

Jana fundi Obiero aliikagua. Maji yalikuwa yamejaa, na injini haikuwa imechemka. Akachomoa waya wa geji ya joto kule kwa injini, mshale ukalala. Akaugusisha waya kwenye chuma cha injini, mshale ukapanda mpaka mwisho.

"Geji ni nzima, Mama Muthoni," akasema. "Waya ndio umechubuka. Gari ikitikisika, unagusa injini."

Akaufunga tepu. Tukaenda mpaka Chepsaita na kurudi, mshale ukatulia.

"Unaenda mbali?" akaniuliza.

Nikamwambia naenda kumwona shangazi.

Wale polisi wanaokutafuta wamekuja tena. Safari hii hawakuniuliza mimi. Walimwita Muthoni nje, wakamuuliza baba yake yuko wapi.

"Baba alikufa," akawaambia, bila kulia. Sikumfundisha mimi.

Usirudi. Jumapili, watu wakiwa kanisani, mimi na Muthoni tutakuja na gari mpaka Malaba, tuvuke mpaka kwa miguu. Wewe utungoje ng'ambo. Ukituona, mkumbatie yeye kwanza.

Wako asiyelala,
Nduta