Jinsi Mgongo Wangu Ulivyoanza Kuuma

Isebania, Migori
9 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Nyamoita,

Kuna jambo nimelificha miaka ishirini na sita, nalo ni jinsi mgongo wangu ulivyoanza kuuma. Nitalisema kabla barua hii haijaisha. Kwanza salamu. Hamjambo huko kisiwani Remba? Omena, dagaa wenu, wanakauka na mvua hizi? Na magoti ya mama yako, Nyamusi, yanaendeleaje?

Sisi tu wazima, isipokuwa moyo wangu umechoka. Miguu imevimba, na daktari hakunificha kwamba siku zangu si nyingi. Usilie. Nina habari njema.

Natembea! Yule baba yako mkubwa uliyesikia amelala kama gunia la mahindi, leo ametembea hadi mpaka wa shamba la marehemu baba yako, akarudi bila kushikwa mkono.

Unajua nilivyohangaika: mkanda kiunoni, sindano, chale mgongoni, na kitanda. Mwaka jana zahanati yetu ikapata daktari kijana kutoka Rangwe, anaitwa Mourine. Aliniuliza kama miguu hufa ganzi, kama mkojo hunitoka, kama nimekonda. Akanigongagonga magoti, akasema haoni dalili ya hatari wala haja ya picha.

"Yalianzaje, mzee? Ulikuwa umebeba nini?"

"Nilirogwa."

"Ai, mwalimu! Na huyo mchawi aliona kiuno tu?"

Nilicheka hadi nikaumia. Lakini la kubeba sikulijibu, na swali hilo halijaniacha tangu siku ile.

Aliniambia kulala ndiko kunakoukaza mgongo. "Kuumwa si kuvunjika. Tembea." Nilianza kwa kwenda chooni, nikafika zizini, kisha barabarani. Kila asubuhi navuta goti moja moja kifuani, na mama yako mkubwa Damaris ananihesabia kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Maumivu hayajaisha, ila hayanitawali tena. Nimepalilia mistari miwili ya maharagwe, Nyamoita! Mkanda nimempa mbwa alalie.

Jumamosi ijayo wazee wa ukoo watakutana pale mpakani, kwa kuwa nimewaita. Nitakwenda kwa miguu yangu na kusimama wima. Mbele ya wazee hao hao nilidai kwamba mama yako ameniroga mgongo, wakamfukuza, mjane wa miezi mitatu, wewe ukiwa mgongoni mwake. Ni haki asafishwe mbele yao. Ningepiga simu, lakini nataka ashike karatasi yenye mkono wangu. Damaris ameikandika upya nyumba yenu. Njooni, hata kama hamtaki kuniona mimi.

Msalimie Liz, mjukuu wangu, nami nampongeza kwa mtihani wake. Damaris anawakumbatia nyote. Mungu awarudishie amani niliyowanyang'anya.

Ni mimi baba yako mkubwa, ninayekupenda na niliyekukosea, Mwalimu Stanley Mniko, niliyeling'oa jiwe la mpaka wa ndugu yangu Gisiri alipokwisha kuzikwa, nikalibeba peke yangu hatua kumi na mbili ndani ya shamba lenu. Mgongo ulikatika nilipoliinua, na mama yako hakunifanya lolote.