Rangi Mpya ya Pikipiki ya Baba

Tarehe 4 Mei

Na taa ndiyo niliyosahau kukuandikia mara ile, Baba, kwa sababu mume wangu aliniita chakula kinapoa, nami yeye akiniita sisikii kingine. Shikamoo kwanza! Macho yanaendeleaje? Mama hajambo? Sisi ni wazima. Mimi nimenenepa kwa furaha, majirani wananicheka.

Sasa hiyo taa. Pikipiki yako kuukuu uliyotutumia kwa lori siku ya harusi inawaka vizuri kwa kiki, ila tukienda kidogo tu taa inafifia, honi inakoroma, halafu kimya. Tunapeleka betri kwa fundi redio, anaijaza, kesho yake yale yale. Juzi mume wangu ameisukuma kutoka sokoni hadi nyumbani, jasho linamchuruzika, na bado ananiambia, "Mke wangu, kaa juu, usichoke." Baba, nimepata mume!

Tulikuahidi utatuona tukiingia uani juu ya pikipiki hiyo hiyo. Tuambie tufanye nini.

Mwanao, Kitindamimba


Tarehe 12 Mei

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Mama yako anadunda. Mimi ni haya macho tu. Presha ya macho iliyonizuia kuja harusini haijaniacha, na daktari anasema kilichopotea hakirudi. Jicho la kulia ni giza. La kushoto naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kwa hiyo fanyeni haraka, nataka kumwona mkwe wangu kabla tundu halijazibwa. Isije ikawa namsifia mtu kumbe ana sura ya tangi la mafuta.

Usinipigie simu. Mambo ya umeme huandikwa, ukayasoma umechuchumaa kando ya pikipiki. Azimeni mita kwa huyo fundi redio. Pimeni betri injini ikiwa imezimwa, kisha iwasheni, vuteni resi, pimeni tena. Ikipanda hadi karibu volti kumi na nne, chaji ipo, betri ndiyo mbovu. Isipopanda, chaji haifiki. Hapo chomoeni nyaya tatu za manjano zitokazo kwenye injini, mpime mmoja na mwenzake. Zikitoa umeme sawasawa, dainamo ni nzima. Msinunue kitu kabla ya kupima. Fundi wa kubahatisha hubadilisha hadi kiti.

Baba yako


Tarehe 24 Mei

Shikamoo Baba,

Tumepima! Mimi nilishika mita, yeye akavuta resi, injini ikinguruma tukawa tunaongea kwa mikono mpaka tukacheka tukasahau namba, ikabidi tuanze upya. Betri haikupanda, ilishuka. Nyaya za manjano zote zilitoa sawa. Dainamo ni nzima! Basi tatizo liko wapi?

Acha nikupe na siri, tulitaka ushangae mwenyewe. Unajua mkweo ni mchoraji wa mabango. Ameifungua pikipiki yote akaipaka rangi ya samawati, tabaka juu ya tabaka, hadi chini ya kiti pasipoonekana, hadi kwenye matundu ya bolti. Kwenye tangi ameandika "Kitindamimba" na kuizungushia maua. Anasema ukiona utajua binti yako hakuolewa na mvivu.

Macho yasikutie hofu, Baba. Tukipata jibu lako tunakuja.

Mwanao, Kitindamimba


Tarehe 30 Mei

Rangi! Mwanangu, rangi! Umeme haupiti kwenye rangi.

Chini ya kiti kuna kisanduku cha chuma chenye mapezi. Hicho ndicho kinachougeuza umeme wa dainamo ukaweza kuingia kwenye betri, na njia yake ya kurudi ni mwili wa pikipiki, chuma kwa chuma. Mkwe wangu amekivalisha koti. Chomoeni betri, kwangueni kwa msasa pale kinapokaa mpaka chuma king'ae, mfunge tena.

Mwambie sijakasirika. Mwanamume anayepaka rangi hata pasipoonekana, huyo namtaka.

Unisamehe mistari inapandana, namalizia kwa kupapasa. Njooni. Hata kwa basi.

Baba yako


Tarehe 15 Juni

Shikamoo Baba,

Sijui nianzie wapi. Tulikwangua. Mume wangu alikwangua amekunja uso kama anayemnyoa mtoto mchanga. Chuma kiking'aa nikamwambia, "Vumbi hilo la samawati kwenye nyusi limekupendeza." Akacheka, akabaki ananitazama mimi huku mikono ikifunga betri. Akafunga kinyume, waya mwekundu mahali pa mweusi. Cheche, moshi, harufu ya plastiki. Kisanduku kimeungua. Jioni nzima hakuinua uso.

Nimezunguka maduka ya vipuri. "Dada, hiyo ni ya enzi za babu yangu," wananicheka. Mmoja ameahidi kuagiza.

Nimesoma ulivyosema, hata kwa basi. Lakini tulikuahidi kuingia nayo uani, na amechora vizuri mno. Subiri kidogo tu, Baba. Kisanduku kikifika tunakuja.

Mwanao, Kitindamimba


Tarehe 10 Julai

Kitindamimba,

Anayeandika ni mama yako, maneno ni yangu.

Tundu limezibwa. Nilikuwa nanyoa ndevu asubuhi, nikadhani mama yako amefunga dirisha, nikamgombeza. Dirisha lilikuwa wazi. Daktari amesema basi.

Usilie. Mama yako analia kwa niaba ya ukoo mzima, karatasi hii imelowa. Kisanduku kikija, pima nyaya kwanza ndipo ufunge. Na usimkaripie mkwe wangu. Aliyekuwa akimtazama mke wake hana kesi kwangu.

Baba yako


Tarehe 17 Julai

Shikamoo Baba. Mama, msomee polepole.

Kisanduku hakijafika, nami sikisubiri tena. Nilikaa jikoni na barua yako mpaka maji yakakaukia sufuriani. Nilitaka kukuandikia nikuulize, hapa tupime nini, tuanze na waya upi? Kila kitu kikiharibika wewe ndiye ninayemwuliza.

Mume wangu amekata tiketi za basi. Jana aliniuliza avae shati lipi, ili umwone mtu nadhifu. Kabla sijamjibu akakumbuka mwenyewe kuwa huoni tena. Akaketi kitandani, shati mkononi.

Baba, ana kovu dogo kidevuni. Nyusi zake zimekutana. Akicheka mabega ndiyo yanayotangulia. Mengine sitayaandika. Nitamketisha mbele yako, nitaushika mkono wako niupeleke usoni kwake, uangalie mwenyewe taratibu, hakuna atakayekuharakisha. Tunakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Mwanao, Kitindamimba