Karani Hatauliza Mara ya Pili

Kambi ya Mgodini, Geita

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeketi na mwalimu wa kanisani anakusomea, basi naye nampa shikamoo yake. Magoti yanasemaje masika haya? Na lile jicho la kushoto, bado linatoa machozi asubuhi? Mimi nakula, nalala, na mguu uliopigwa na jiwe umepona, umebaki kovu tu. Mwalimu, nakuomba jambo moja. Huko mbele nina maneno makali, usiyalainishe kwa ajili ya masikio ya mama. Makubwa kuliko hayo ameyasikia mnadani, tena mengine aliyasema mwenyewe.

Nina kinyaa, mama. 

Unamkumbuka Mzee Luhende niliyewahi kukuandikia, yule aliyenipokea hapa nilipofika sijui hata kushika sururu. Ni mtu wa Shinyanga, kachimba miaka mingi mpaka vumbi la mawe likamjaa kifuani. Sasa akitoka kisimani anapumzika njiani kama mwenye mzigo, na ndoo ni tupu. Macho yameingia ukungu. Mke alikufa, mtoto hana. Kazini walishamwachisha, lakini tulikuwa tukilala naye chumba kimoja na nyapara akijifanya haoni.

Basi mwezi uliopita tukaitwa barazani. Tukaambiwa Serikali imetoa fedha za kuwatunza wazee wasiojiweza: unga na maharage kila mwezi, blanketi, na nyumba imejengwa karibu na dispensari wakae humo wapewe dawa. Tulipiga makofi, mama. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha. Nikajisemea, kumbe ile kodi tunayotoa inaweza siku moja kurudi na heri.

Karani akatumwa apite chumba kwa chumba kuwatazama wazee. Angekuwa mtu wa pwani ningemsamehe. Huyu ni mtoto wa kwetu, Kisukuma amekinyonya ziwani mwa mama yake. Alikuja soksi zimevutwa mpaka magotini, akasimama mlangoni, akasema, "Mwadila, baba. Mhola?"

Mzee akajinyanyua kwa kushika ukuta. "Mhola duhu," akajibu. Salama tu.

"Mzima," karani akasema. Akaandika, akageuka kwenda zake.

Mama, wewe na mimi tunajua. Hata maiti iwe ndani, mgeni akiuliza mhola unamjibu mhola duhu. Kisha anakaribishwa, anakaa, anapewa maji, anauliza tena taratibu, na hapo ndipo unamwambia nyumba inaungua. Swali la kwanza ni la mlangoni tu. Hili analijua hata mtoto anayechunga mbuzi. Karani naye analijua, na ndiyo maana alilitumia.

Nikamkimbilia. "Ndugu yangu, yule mzee haoni, na kifua kimekwisha. Rudi umwulize vizuri."

"Nimemwuliza kwa lugha ya mama yake, amesema mzima. Wewe unaijua afya yake kuliko yeye?"

"Umemsalimia. Hukumwuliza."

Akacheka. "Bwana mkubwa anapenda wagonjwa wachache. Wakizidi ataniuliza nimewatoa wapi."

Akaimaliza kambi nzima hivyo hivyo, mhola, mhola duhu, mzima. Aliyepata ni mjomba wa nyapara, ambaye kwenye ngoma bado anaruka kuliko mimi. Jioni Bwana Shauri, yule mzungu wa wilaya, akatushukuru. Akasema wazee wa hapa wana afya kuliko alivyotarajia, kwa hiyo fedha zitarudishwa zilikotoka. Karani akatafsiri huku anatabasamu. Blanketi zikapandishwa garini tena, na moja aliikunja akaikalia ili makalio yake yasiumie njiani. Nasikia kutema mate hapa hapa kwenye karatasi.

Nilirudi chumbani nikamgombeza mzee, Mungu anisamehe. Kwa nini hukusema? Akanitafuta kwa macho, akanikosa, akautazama mlango. "Mwanangu, nimtupie mtoto wa watu ugonjwa wangu hata hajakaa? Mimi si mshenzi. Nilikuwa nangoja aulize tena."

Nyapara naye akapata neno. Kama mzee ni mzima, akasema, basi mzima asiye na kazi haruhusiwi kulala kambini. Tukampeleka Nyarugusu kwa baiskeli, mwenzangu anasukuma na mimi nashika mgongo wa mzee, kumtafuta mpwa wake. Mpwa alishahama, wanasema kaenda Chato kuvua samaki. Sasa mzee analala jikoni kwa mama mmoja anayepika pombe. Ni mwanamke mwema, lakini moshi wa jiko lile ulinitoa nje hata mimi mwenye kifua kizima. Nampelekea unga Jumapili, na kila nikienda naona pumzi imepungua.

Sasa sikiliza, mama, maana haya ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Dereva wa lori ameniambia karani yule yule atakwenda Kahama baada ya mavuno, na Nyahanga imo safarini mwake. Atafika kwako. Siku ile barazani nilipokuwa napiga makofi, nilikuwa nakufikiria wewe na magoti yako. Mimi mkataba haujanifungua, siwezi kuwa hapo nikusemee.

Atakuita mayu, kama mama yake mzazi, kwa sauti tamu. Atauliza mhola. Usimjibu. Usimkaribishe, usimtafutie kiti. Mwambie sioni, sitembei, sijiwezi, na kilio kikija kiache kije. Hatauliza mara ya pili. Najua utaona aibu, na majirani watasema Mama Masanja amezeeka vibaya. Waache waseme. Mwalimu, tafadhali uwepo siku hiyo, umzibie njia asitoke kabla hajasikia.

Nisalimie baba mdogo, mwambie jembe lake nimelinunua. Nisalimie shangazi anayekutekea maji, na mke wa kaka pamoja na yule mtoto mchanga nisiyemwona bado. Wote nawakumbuka.

Adabu yako, mama, ulitulisha sisi wanao tukakua nayo. Huyo usimpe hata punje.

Ni mimi mwanao,
Masanja