Sosi Isiyo na Maji

Sunchang, tarehe 20 Machi

Mwanangu Sejin,

Sisi tupo. Mbwa wa jirani bado anaikojolea mitungi yetu ya sosi, na mwenyewe anacheka tu.

Ile hesabu unayowafundisha wanafunzi wako nimeitumia tangu figo za baba yako zikatazwe chumvi. Sosi yetu ya soya ina gramu ishirini za chumvi katika kila mililita mia. Nikaizimua kwa maji kiasi kilekile, zikabaki kumi. Nikarudia, zikabaki tano. Kila mlo alinisuta: "Mama Sejin, hii ni sosi au maji ya kunawa?"

Jumanne daktari aliniita pembeni, akasema sasa nimwache ale chochote roho yake inachopenda. Sikumuuliza kwa nini.

Jana nikamwekea sosi yenyewe, bila tone la maji. Akachovya tofu, akatafuna taratibu. Nikangoja atabasamu.

"Mama Sejin," akasema, "leo maji umezidisha."

"Nisamehe, Baba Sejin. Kesho nitapunguza."

Mitihani ya wanafunzi wako ikiisha, njoo. Hata isipoisha, njoo.

Mama yako,
Okbun