Jibu Nililompa Mchumba Wako

Mwanangu,

Barua hii ikukute umeshiba na huna haraka. Mimi mzima, ila goti langu la kukanyagia cherehani linanung'unika.

Kanisani tumebaki wanane. Ukumbi wa nyuma wamekodi watu wa mazoezi, kwa hiyo sisi tukisali, wao wanaruka kwa muziki upande wa pili wa ukuta. Mchungaji huongeza sauti tu. Kila Jumamosi bado napanga namba za nyimbo ubaoni, ingawa wote tunazijua kwa kichwa. Juzi nilikosea nikapanga za mazishi, na hakuna aliyeuliza. Tukaimba habari za makao ya milele mpaka mwisho, nami nikalia. Wakadhani namlilia baba yako.

Nilikuwa nakumbuka siku ulipomleta mchumba wako. Aliniuliza kwa adabu, tukiwa mezani, kama kweli naamini nitamwona tena marehemu baba yako. Nikakutazama, nikaona umeinamia sahani kwa aibu. Nikacheka, nikasema, "Aa, hayo ni mazoea yetu wazee." Ukashusha pumzi, tukaendelea kula.

Nilidanganya, mwanangu. Miaka yote nimeimba mbele za watu, na siku niliyoulizwa na mtu mmoja tu, nikamkana Bwana wangu ili usione haya.

Mwambie mchumba wako jibu langu ni ndiyo. Nitamwona. Na wewe nakuombea uwepo huko, hata kama unacheka sasa.

Nyumba iko kimya mno. Njoo hata bila kuamini.

Mama yako, ambaye safari hii hacheki.