Mama Nakuja Jumapili

Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Habari za siku, na afya yako inaendeleaje? Huku tu wazima, ukiondoa masikio ya mama, ambayo siku hizi hata ukiangusha sufuria nyuma yake hageuki. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na nimekasirika.

Kile kisanduku ulichomtengenezea mama nilikiunga kwenye televisheni kama ulivyoelekeza. Mwanzoni nilikusifu kwa majirani. Nikibonyeza kitufe jikoni, juu ya picha yanatokea maneno meupe, CHAKULA TAYARI au MEZA DAWA, na mama anasoma huku anacheka. Lakini umeme wetu unaujua. Ukikatika na kurudi, kisanduku kinaandika chenyewe: MAMA NAKUJA JUMAPILI. Mara ya kwanza mama alivaa gauni lake la bluu, akakaa mlangoni tangu asubuhi mpaka giza likaingia. Umemwahidi nini mama wa watu?

Dada yako

Tarehe 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tu zimenibana karakana.

Usinigombeze kabla hujaelewa. Televisheni huchora picha mstari kwa mstari. Kila mstari ukianza, ile chipu ndogo ndani ya kisanduku, inayotunza maneno, inapata ishara, inangoja kidogo, kisha inawasha nukta nyeupe mahali pake. Mstari unaofuata, nukta nyingine, mpaka zinakuwa herufi. Ikikosea kungoja, herufi zinalala upande kama walevi. Ilibidi niijaribu kwa maneno fulani, nikaandika hayo. Nilisahau kuyafuta, na kila ikiwaka upya inaanza nayo. Nitakutumia chipu nyingine. Chomoa ya zamani, pachika mpya, yaishe.

Mdogo wako

Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Afya yangu ni nzuri, ingawa hukuiuliza.

Yaishe, unasema. Ungeweza kuandika namba. Ungeweza kuandika jina la mbwa. Umeifundisha chipu kungoja, lakini mama anakungoja tangu tulipomzika baba, na mazishi yenyewe hukuja. Watu husema maneno matupu hayavunji mfupa. Njoo uone haya yako yanavyomvunja mama. Jumapili iliyopita alikutengea sahani, na mimi ndiye niliyeiondoa mezani.

Dada yako

Tarehe 15 Juni

Mdogo wangu,

Natumai u mzima, maana bahasha yako ilifika na chipu tu ndani, hata salamu hakuna. Nilitaka kuitupa.

Nilichukua bisibisi nikafungua kisanduku. Mama akanishika mkono. Nikamwandikia kwenye karatasi kwamba yale ni maneno ya majaribio, kijana wake alisahau kuyafuta. Akasoma, akanirudishia.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu Jumapili ya pili."

Nikamwandikia: Sasa gauni unavaa la nini?

"Maneno mengine yote unabonyeza wewe, mwanangu. Hayo aliyaandika yeye."

Nilikasirika, nikatoka nje nisije nikamjibu vibaya. Wiki hii umeme haujakatika. Leo asubuhi nimemkuta ameinama ukutani, anachomoa waya wa kisanduku na kuuchomeka tena, kisha anarudi kitini kusoma.

Sina nguvu za kukugombeza zaidi. Chipu yako nimeirudisha humu ndani ya bahasha. Njoo uipachike mwenyewe, Jumapili yoyote utakayo. Gauni limefuliwa.

Dada yako