Kikwembe Juu ya Pano

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mama mukwe amefika kwa miguu, beseni ya mihogo kichwani. Amekuja kungojea mutoto wetu wa pili. Jina la mukwe siandiki, hata humu.

Infirmier Ruphin, muuguzi wetu, amerudilia: wa kwanza alitoka kwa operesheni, huyu asizaliwe hapa. Uchungu ukianza tu — hospitali ya Kabambare! Kilomita thelathini na mbili. Nikamwambia moto yangu, pikipiki ya batri, inakula jua, haiombi mutu mafuta ya essence. Nilijisifu sana. Batri: asilimia 96.

Jumatano, 11 Juni

Batri 61! Mbona? Nimezunguka nyuma ya nyumba — mihogo! Mama mukwe ameianika juu ya pano zangu, vile vioo vya kukamata jua. Paa iko chini, pano ziko na joto, mbuzi hazifiki. Kweli ni mahali pazuri!

Lakini mimi nitamwambia nini? Mukwe hata machoni simuangalii. Nimemtuma Clémentine, muke wangu. Amecheka mpaka akashika tumbo, kisha ameenda kusema na mama yake. Mihogo imeshuka. Aksanti Mungu.

Ijumaa, 13 Juni. Saa tano

Uchungu umeanza. Batri 34!!

Jana asubuhi nilipeleka mutu Wamaza, nikarudi, nikaweka batri kwenye chaji, nikaenda shambani. Nilisema jua itajaza. Sasa nimepanda ngazi: kikwembe! Kile kitenge chake cha sikukuu, kimetandikwa juu ya pano zote, mawe kwenye pembe.

Nimemuuliza Clémentine kupitia dirisha: ulimwambia nini? Analia: nilisema vile vioo vinaharibika upesi. Ningemwambiaje mihogo yake inasumbua? Ni mama yangu!

Basi mama akavifunika visiharibike.

Nguo ya mama mukwe haishikwi na mukwe mwanaume. Nimesimama kwenye ngazi kama mujinga. Kumuita, siwezi, anamushika Clémentine mugongo. Clémentine akapiga kelele — nikakivuta. Kwa mikono yangu! Kushuka, mama mukwe iko mulangoni, anaona. Nikakiweka juu ya kiti, nikageuza uso. Haya ilinichoma.

Saa saba

47. Kwa watu wawili na ile milima, inataka 70. Yassine mwenye moto ya essence iko Kasongo. Na leo ndio wamechoma mashamba, moshi imefunika jua. Ruphin anasema musingoje kupita saa nane. Naogopa. Naandika ili nisiangalie batri kila dakika.

Saa nane

52.

Clémentine amekaa juu ya moto tayari, meno yamebanana. Mama mukwe amekuja mpaka hapa, kile kikwembe amekifunga kiunoni. Ameniangalia machoni. Ameniita kwa jina, yeye!

— Gaston, acha kuandika. Mimi nakaa nyuma, namushika. Ikizimika, nitashuka, nitasukuma.